Waliotaka Kusikilizwa: Wanawake Weusi katika Dansi ya Tapu na Dansi ya Kisasa

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa sanaa za maonyesho, Siku ya Dansi Duniani

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, wazazi mliokuja kuona watoto wenu wanafundishwa nini hasa, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli: nashukuru kwa kualikwa kuzungumza nanyi katika Siku ya Dansi Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 29 Aprili tangu mwaka 1982. Nimeombwa nizungumzie wanawake Weusi, pamoja na wenzao wasio Wazungu, walioijenga dansi ya tapu na dansi ya kisasa nchini Marekani na kwingineko. Nitaitaja hoja yangu mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutosha wa kuandaa swali lake. Wanawake hawa walipewa nafasi ya kutazamwa, nao wakadai nafasi ya kusikilizwa. Karibu kila walichokibadilisha katika dansi, kuanzia aina ya kiatu hadi masharti ya mkataba, kilitokana na dai hilo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, tapu huchezwa kwa viatu vya ngozi vilivyofungwa vibati vya chuma chini ya kisigino na chini ya vidole. Vibati hivyo hushikiliwa na skrubu, na mchezaji anayeijua kazi yake huzilegeza au kuzikaza kidogo kidogo mpaka apate mlio anaoutaka. Kisigino hutoa sauti nzito, ncha ya kiatu hutoa sauti nyembamba, na ukingo wa soli ukiburuzwa hutoa mkwaruzo. Mcheza tapu ni mpiga ala, na ala yake ni sakafu. Wazee wetu wa pwani waliozoea kusikia mitalawanda ikigonga sakafu za nyumba zao walimjua anayekuja kabla hajatokea mlangoni. Wacheza tapu nao hutambuana kwa mlio wa mguu hata wakiwa wamefumba macho.

Asili ya dansi hii ina ubishi wake. Mara nyingi husimuliwa kwamba baada ya uasi wa watumwa wa Stono, South Carolina, mwaka 1739, watawala walitunga sheria ya mwaka 1740 iliyowakataza watumwa kuwa na ngoma na baragumu, na kwamba kuanzia hapo midundo ikahamia mwilini: viganja vikapiga mapaja na vifua, nyayo zikapiga ardhi. Sheria hiyo ilikuwepo kweli, na uchezaji huo wa kujipiga mwili, ulioitwa juba, ulikuwepo kweli. Hata hivyo mimi naiona simulizi hiyo imenyooka kupita kiasi. Tapu ilitokana pia na watu Weusi na wahamiaji wa Kiayalandi kuishi mtaa mmoja, hasa Five Points jijini New York, ambako katika miaka ya 1840 kijana Mweusi William Henry Lane, aliyejulikana kama Master Juba, alijipatia sifa kwa kushindana na wachezaji wenye asili ya Ayalandi. Dansi ya viatu vya mbao iliyopendwa na wafanyakazi wa viwandani Uingereza nayo ilichangia. Ninayataja haya kwa sababu moja tu: iwe tunasimulia habari za Stono au za Five Points, wanaotajwa kwa majina ni wanaume.

Tukiziacha simulizi na kuuliza nani alikuwa mwajiri, picha inabadilika. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1943, mojawapo ya makundi makubwa na yanayolipwa vizuri kuliko yote katika kumbi za watazamaji Weusi wa Marekani lilimilikiwa na kuendeshwa na ndugu wanne wa kike: Mabel, Essie, Alberta na Alice Whitman, mabinti wa mchungaji wa Kimethodisti aliyekuwa pia mshairi. Mabel ndiye aliyepatana na wenye kumbi, akalipa mishahara na kuamua nani apande jukwaani na nani asubiri. Alberta, aliyeitwa Bert, alikata nywele fupi na kuvaa suti ya kiume akacheza nafasi za wanaume. Alice aliitwa malkia wa tapu. Watoto wenye vipaji waliingizwa kundini na kufunzwa kazi wakiwa safarini, na wengi waliokuja kusifiwa baadaye katika historia ya tapu, wanaume na wanawake, walipitia mikononi mwa ndugu hawa. Kwa takriban miongo minne walikuwa shule isiyo na jengo. Mimi hushangaa kila ninapokutana na mwalimu wa dansi aliyesoma miaka mingi bila kulisikia jina Whitman.

Miongoni mwa waliopita katika kundi hilo alikuwa msichana wa Chicago aliyezaliwa mwaka 1916, Jeni LeGon. Kwake nitatua kwa muda, kwa sababu katika maisha yake jambo zima ninalolizungumzia linaonekana waziwazi.

LeGon alikuwa mwembamba, na umbo lake halikufanana na lile ambalo wenye kumbi walilitaka kwa wasichana wa safu ya nyuma. Akavaa suruali na viatu bapa, akacheza kama walivyocheza wanaume. Msidhani hili ni suala la mavazi tu. Kiatu cha kisigino kirefu huusukuma uzito wa mwili mbele, juu ya vidole, na kumwachia mchezaji kisigino chenye kibati kidogo mno, kisichoweza kutoa sauti nzito ya chini. Kiatu bapa humpa mguu mzima: anaweza kuangusha kisigino kwa nguvu, kubiringisha mguu kutoka kisigino hadi ncha, kuruka na kutua bila kuhofia kifundo cha mguu. Wenye kumbi waliwataka wanawake wavae visigino virefu kwa sababu miguu hupendeza kuiangalia ikiwa hivyo. Matokeo yake, mwanamke alinyimwa nusu ya sauti zake, kisha akaambiwa kwamba wanawake hawana mlio wa kushindana na wanaume. Wapo wanawake waliozitoa sauti hizo wakiwa juu ya visigino virefu vilevile, na kwangu hao ni mafundi wa hali ya juu kabisa, kwa kuwa walifanya kazi ileile wakiwa na kifaa kibovu zaidi.

Mwaka 1935 LeGon alicheza filamuni bega kwa bega na Bill Robinson, mcheza tapu Mweusi aliyekuwa maarufu kuliko wote wakati huo, huku Fats Waller akiwa kwenye piano. Katika onyesho hilo LeGon hakuwa pambo la pembeni: Robinson anapiga fungu la midundo, yeye anajibu, na majibu yake yana kichekesho chake mwenyewe. Mwaka huohuo studio ya MGM ilimpa mkataba wa muda mrefu, jambo ambalo karibu hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amelipata katika studio kubwa ya Hollywood. Mkataba huo ukavunjwa kabla hajacheza filamu yoyote ya studio hiyo. Nafasi ya mwanamke mcheza tapu pale ilikuwa ya Eleanor Powell, Mzungu, na hapakuwa na nia ya kuwa na wawili. LeGon akaenda kufanya kazi London. Aliporudi katika filamu za Marekani, nafasi zilizomngoja zilikuwa za watumishi wa ndani. Mwaka 1948 alionekana katika filamu ya Easter Parade ya MGM ileile, ambayo mhusika mkuu wake alikuwa mcheza dansi Fred Astaire, na yeye, mwenye miguu ile, akapewa kucheza mjakazi. Hatimaye alihamia Vancouver, Kanada, mwaka 1969, akafundisha dansi huko kwa miaka mingi, na akafariki dunia huko mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 96.

Ubaguzi ulipima hata kina cha weusi wa ngozi. Katika Cotton Club, klabu ya usiku ya Harlem, mtaa wa watu Weusi jijini New York, ambako wasanii walikuwa Weusi na wateja walikuwa Wazungu, wasichana wa safu walitakiwa wawe warefu na wenye ngozi nyeupe-nyeupe. Katika ukumbi wa Apollo, Harlem hiyohiyo, safu ya wasichana ilijifunza onyesho jipya kila wiki, ikafanya maonyesho kadhaa kwa siku na kufanya mazoezi katikati yake. Mwaka 1940 wasichana hao waligoma kudai malipo na masharti bora, na wakafanikiwa. Wanahistoria wa dansi huwaandika wasichana wa safu kama kundi moja lisilo na majina, ilhali wao ndio waliokuwa na hatua nyingi zaidi kichwani kuliko mchezaji yeyote wa mbele. Mchezaji wa mbele alikuwa na dakika zake chache alizozizoea miaka yote. Wao walibadilisha kila kitu kila baada ya siku saba.

Nisiwasahau walio nje ya mstari wa Weusi na Weupe. Dorothy Toy, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1917 kwa wazazi wahamiaji kutoka Japani, alicheza na Paul Wing, kijana mwenye asili ya China, wakijulikana kama Toy na Wing. Toy aliweza kugonga midundo ya tapu akiwa amesimama juu ya ncha za vidole kama mcheza baleti. Waliuzwa kwa watazamaji kama wachezaji wa Kichina. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika na Wamarekani wenye asili ya Japani kufungiwa kambini, wazazi wake walipelekwa kambi ya Topaz, Utah, na asili yake ilipojulikana milango ya Hollywood ikafungwa. Aliishi hadi mwaka 2019, akiwa na miaka 102.

Baada ya vita tapu ilififia. Mitindo ya muziki ilibadilika, kumbi kubwa za maonyesho za Broadway, New York, zikaegemea baleti, na kodi ya kumbi za starehe iliyowekwa Marekani mwaka 1944 ikafanya dansi kuwa gharama kwa wenye kumbi. Wachezaji wengi wakatafuta kazi nyingine. Waliobaki walibaki na elimu yao miguuni, bila vitabu, na hapa ndipo walimu wanawake walipookoa mengi. Dianne Walker wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa amesomea saikolojia alipokutana na mzee Leon Collins, mcheza tapu, akaamua kujifunza kwake kwa makini. Aliingia katika onyesho la Black and Blue lililoanza Paris mwaka 1985 na kufika Broadway mwaka 1989, akiwa kati ya wazee wa tapu waliorudishwa jukwaani na watoto waliokuwa wanaanza. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo Savion Glover na msichana Dormeshia. Walker alifanya kazi ya mtu wa katikati: hatua aliyopewa na mzee wa miaka 70 aliikabidhi kwa mtoto wa miaka 12 bila kuipunguza. Sifa ya uchezaji wake ni utulivu. Hapigi kelele kwa miguu. Humlazimisha msikilizaji asogee karibu.

Dormeshia alipokua aliingia katika Bring in 'da Noise, Bring in 'da Funk, onyesho la Broadway la mwaka 1996 lililoieleza historia ya watu Weusi kwa tapu. Wachezaji wa tapu wa onyesho hilo walikuwa wanaume. Yeye alikuwa mwanamke pekee aliyecheza nafasi hizo, na alicheza akiwa amevaa kiume. Miaka zaidi ya 60 baada ya LeGon kuvaa suruali, bado mwanamke alihitaji kuvaa kama mwanamume ili apewe midundo mizito! Leo Dormeshia hutunga maonyesho yake mwenyewe, hucheza kwa viatu bapa akitaka na kwa visigino virefu akitaka, na sijamsikia mtu mwenye masikio akidai kwamba katika viatu virefu anasikika pungufu. Mwenzake Ayodele Casel, mzaliwa wa Bronx mwenye asili ya Puerto Rico, aliyekuwa mwanamke pekee katika kundi la vijana lililoundwa na Glover katika miaka ya 1990, alikwenda hatua moja zaidi. Yeye huzungumza jukwaani huku miguu ikiendelea, na huwataja kwa majina wanawake waliotangulia: Jeni LeGon, Lois Bright, Juanita Pitts, Cora LaRedd, Louise Madison. Mwaka 2021 Posta ya Marekani ilipotoa stempu za heshima ya tapu, kati ya wachezaji watano waliowekwa juu ya stempu hizo walikuwamo Dormeshia na Casel.

Sasa nivue viatu, kwa maana dansi ya kisasa ya wanawake Weusi ilianza miguu mitupu.

Katherine Dunham, aliyezaliwa mwaka 1909, alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1935 alipata ufadhili wa kwenda Karibiani kuchunguza dansi za Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti. Hakukaa pembeni na daftari. Aliingia katika ngoma. Aliporudi aliunda mbinu ya ufundishaji ambayo mpaka leo ina jina lake, yenye uti wa mgongo unaotembea kama wimbi, nyonga zilizo huru, na ngoma ya kupigwa papo hapo darasani badala ya piano. Kundi lake lilizunguka nchi zaidi ya 50. Mwaka 1944 huko Louisville, Kentucky, baada ya onyesho alisimama mbele ya watazamaji na kuwaambia kwamba hatarudi kucheza pale mpaka watu Weusi waruhusiwe kukaa popote ukumbini. Mwaka 1950 hoteli moja ya São Paulo ilimkatalia chumba. Alipiga kelele hadharani, na mwaka uliofuata Brazili ikapitisha sheria ya kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alifunga kula kwa siku 47 kupinga jinsi Marekani ilivyokuwa ikiwarudisha kwao wakimbizi wa Haiti. Watu waliomfundisha dansi Karibiani hakuwageuza kuwa mada ya utafiti na kuishia hapo.

Pearl Primus ndiye anayetugusa sisi wa ukanda huu moja kwa moja. Alizaliwa Trinidad mwaka 1919, akalelewa New York, akasoma biolojia akitaka kuwa daktari. Ubaguzi ulimfungia kazi za maabara, akajikuta katika dansi. Alikuwa na mruko ambao watu waliomwona hawakuacha kuusimulia: mwili mfupi, mzito, uliopaa wima kana kwamba sakafu imemsukuma. Mwaka 1943 alitunga dansi juu ya shairi la Strange Fruit, linalohusu watu Weusi walionyongwa mitini na magenge ya Wazungu. Angeweza kucheza kama mjane au mama wa aliyenyongwa, na kila mtu angeelewa. Yeye alichagua kucheza kama mwanamke wa Kizungu aliyekuwa katika genge lenyewe, aliyebaki nyuma baada ya wenzake kuondoka na kuanza kutambua walichokifanya. Kwa maoni yangu huo ni mojawapo ya maamuzi ya kijasiri kuliko yote katika dansi ya karne ile: kijana Mweusi wa miaka 23 anaingia katika mwili wa mtesi wake ili watazamaji, wengi wao Wazungu, wakose pa kujificha. Mwaka 1944 alikwenda kusini mwa Marekani akaishi na wakulima na kuchuma pamba pamoja nao, kwa sababu hakutaka kucheza maisha aliyoyasoma magazetini.

Mwaka 1948 alipata ufadhili wa kuja Afrika. Alipita Nigeria, ambako alipewa jina Omowale, yaani mtoto aliyerudi nyumbani, akapita Ghana ya leo, Liberia na Senegal, kisha akafika Rwanda na Kongo, wakati huo zikiwa chini ya Ubelgiji. Huko Rwanda alijifunza ngoma ya wanaume, yenye mwendo wa madaha, kifua mbele, hatua za kujigamba. Aliibeba hadi jukwaani kwa jina la Impinyuza, na mwaka 1990, akiwa mwanamke wa zaidi ya miaka 70, aliwafundisha wanaume wa kundi la dansi la mtunzi Alvin Ailey jijini New York namna ya kutembea kama wanaume wa Rwanda. Fikirini hali hiyo kwa makini: ngoma ya wanaume wa Maziwa Makuu ilifika New York katika mwili wa mwanamke wa Karibiani. Tunapaswa kuuliza nani alimfundisha yeye, na kama majina ya hao yaliandikwa kwenye karatasi za onyesho. Dai la kutajwa ninalolitoa kwa ajili ya wanawake wa Harlem nalitoa pia kwa walimu wa Rwanda. Hilo halipunguzi heshima yangu kwa Primus, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1978 na kufundisha ngoma za Afrika vyuoni kama somo lenye kanuni zake, wakati ambapo wengi waliziita mirukoruko ya porini.

Kundi hilo la Ailey, lililoanzishwa mwaka 1958, lilimpokea mwaka 1965 msichana mrefu wa Philadelphia aitwaye Judith Jamison. Tarehe 4 Mei 1971 alicheza peke yake kwa mara ya kwanza Cry, dansi ya takriban dakika 16 ambayo Ailey aliitunga kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mama yake na kuitoa kwa wanawake wote Weusi popote walipo, hasa akina mama. Jamison anaingia akiwa amevaa nguo nyeupe yenye sketi pana, mikononi ana kitambaa cheupe kirefu. Kitambaa hicho kinatandazwa chini, kisha kinakuwa tambara la kusugulia sakafu, naye anapiga magoti akisugua kwa mkono wote tangu begani. Kisha kinapanda mabegani kama mtandio, kisha kichwani kama kilemba, na mwanamke yuleyule aliyekuwa amepiga magoti anasimama na shingo ya malkia. Sehemu ya mwisho ina kasi ya kumaliza pumzi, na inakuja wakati mchezaji ameshachoka.

Najua baadhi yenu mtasema Cry ni kazi ya mwanaume, na kwa hati miliki ni kweli. Lakini dansi ya mchezaji mmoja haina maandishi kamili mahali popote isipokuwa katika mwili wa aliyeicheza kwanza. Jamison mwenyewe alieleza kwamba hakuwa ameicheza yote mfululizo, mwanzo hadi mwisho, kabla ya usiku ule wa kwanza. Jinsi pumzi inavyogawanywa, mahali pa kusita, uzito wa mkono unaposugua: hayo aliyaamua mchezaji, mbele ya watu, na wanawake waliorithi dansi hiyo wameyajifunza kutoka kwake. Ailey alipofariki mwaka 1989, Jamison ndiye aliyelichukua kundi na kuliongoza hadi mwaka 2011, likiwa na shule na jengo lake lenyewe. Alifariki dunia Novemba 2024.

Waliofuata nitawapitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa wengi wao wangali wanafanya kazi na mnaweza kuwaona wenyewe. Jawole Willa Jo Zollar alianzisha kundi la Urban Bush Women huko New York mwaka 1984, akaweka jukwaani miili ya wanawake ambayo shule za dansi ziliikataa, pamoja na nywele zao, nyonga zao na mazungumzo yao. Mwaka 2008 alishirikiana na Germaine Acogny wa Senegal, ambaye watu wengi humwita mama wa dansi ya kisasa ya Afrika na ambaye shule yake, École des Sables, iko kijiji cha Toubab Dialaw kando ya bahari, ikiwa na ukumbi wenye sakafu ya mchanga. Acogny alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Biennale ya Venice, tamasha la sanaa la Italia, mwaka 2021. Dorothée Munyaneza, aliyezaliwa Rwanda na kuondoka akiwa na miaka 12 mwaka 1994, anatunga kazi zake Ufaransa, na mwaka 2017 alitengeneza Unwanted, kazi iliyotokana na mazungumzo yake na wanawake wa Rwanda waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari na watoto waliozaliwa kwa ubakaji huo. Dada Masilo wa Soweto alizitunga upya Swan Lake na Giselle kwa miguu mitupu na kwa hatua za Kitswana. Tulimpoteza Desemba 2024 akiwa na miaka 39 tu.

Camille A. Brown anatuunganishia sehemu zote mbili za hotuba hii. Katika BLACK GIRL: Linguistic Play ya mwaka 2015, wanawake wanacheza michezo ya mitaani ya wasichana Weusi wa Marekani: kupigana viganja, kuruka kamba mbili zinazozungushwa kinyume, kukanyaga kwa mdundo. Wamevaa raba, na bado sakafu inalia. Midundo ya juba niliyoitaja mwanzoni imo humo, imehifadhiwa na watoto wa kike uani bila kuambiwa na mtu kwamba wanahifadhi kitu. Mwaka 2022 Brown akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza na pia kutunga dansi ya onyesho moja la Broadway tangu Dunham alipofanya hivyo mwaka 1955. Kati ya wawili hao ilipita miaka 67.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ilianza kuzitaja kazi za dansi waziwazi katika sheria ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, wakati LeGon ameshapita miaka 60. Na hata sasa hatua moja moja hailindwi, inalindwa kazi nzima iliyorekodiwa au kuandikwa. Kwa hiyo wanafunzi, rekodini. Simu mnazo. Andikeni tarehe, jina la aliyetunga na jina la aliyewafundisha. Sisi hapa nyumbani hatuna haki ya kuwacheka Wamarekani: tunaweza kutaja waimbaji na wapiga gitaa wa bendi zetu za dansi za miaka ya 1980 mmoja baada ya mwingine, lakini mtu akituuliza majina ya wanenguaji waliosimama mbele ya bendi hizohizo usiku kucha, wengi wetu tunaanza kuangalia dari.

Nina ombi moja kwa wenyeji wangu, nalo linahusu sakafu. Ukumbi huu una vigae juu ya zege. Zege haipokei uzito wa mchezaji anapotua. Huurudisha kwenye magoti na mifupa ya miguu, na mlio wake ni butu, hauna chini wala juu. Wacheza tapu wa mitaani huko Marekani huzunguka na ubao wao wenyewe. Fundi seremala yeyote wa hapa mjini anaweza kupigilia plaiwudi nene juu ya fito za mbao, akaacha nafasi ya hewa chini, na tukapata jukwaa dogo la kuchezea tapu au kurukia bila kuumia. Viatu si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, maana fundi viatu anaweza kufunga vibati kwenye kiatu cha kawaida cha ngozi chenye soli ngumu. Wapo hapa mbele yangu wasichana watano au sita ambao nimewaona wakigonga visigino chini ya viti tangu nilipoanza kuzungumza. Mwenyekiti, naomba gharama za ubao huo ziingizwe katika bajeti ya muhula ujao. Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na hao.